Nauli ya kurudi Burma

Juni 2014 polisi wa kusini mwa Uingereza walipigiwa simu kwamba mzee wa miaka 89 ametoweka kwenye makao ya wazee mjini Hove. Alikuwa ametoka amevaa koti, na medali zake kazificha ndani ya koti hilo. Bernard Jordan, baharia wa Vita Kuu ya Pili na meya wa zamani wa mji huohuo, alikwenda hadi Portsmouth, akapanda feri na kuvuka kwenda Ufaransa kwenye maadhimisho ya miaka 70 tangu majeshi ya washirika yatue Normandy. Makao yake yalijaribu kumtafutia nafasi kwenye msafara rasmi, lakini muda ulikuwa umekwisha. Basi akajipeleka. Aliporudi alipokewa kishujaa kwa mara nyingine, na magazeti ya dunia yakapata babu wa kumpenda kwa siku kadhaa.

Wengi waliisoma habari ile kama kisa cha ukaidi wa uzeeni. Mimi niliona vitu vidogo ambavyo hakuna aliyehangaika kuvitaja. Mzee yule alikuwa na pasipoti. Alikuwa na hela ya tiketi. Feri ilikuwepo, bandari kwa bandari. Na ng'ambo ya pili viti vilikuwa vimepangwa, bendi imekuja, nyasi za makaburini zimekatwa, na majina ya wenzake waliokufa yamechongwa kwenye mawe. Hata mtoro alikuta mahali pake pameandaliwa.

Tunapenda kuzungumzia safari za namna hii kama mambo ya moyo: mzee anakwenda kuwaaga wenzake kabla naye hajaitwa. Moyo upo, sikatai. Lakini moyo haukati tiketi. Kurudi kwenye uwanja wa vita ni sehemu ya malipo ya vita, sawa na kiinua mgongo na pensheni, na iligawiwa vilevile vilivyogawiwa hivyo viwili. Babu zetu waliopigana Burma, leo Myanmar, walipimiwa kibaba kitupu.

Tuanze na walioshiba. Kati ya 2004 na 2015 Uingereza ilikuwa na mpango uliolipiwa na fedha za bahati nasibu ya taifa, ukiitwa Heroes Return. Mkongwe wa Vita Kuu ya Pili aliomba ruzuku ya kurudi alikopigana, awe anakwenda Normandy, Italia, Misri au Mashariki ya Mbali, pamoja na mwenzi wake au mtu wa kumhudumia. Mjane naye aliweza kuomba. Ni mpango mzuri, na aliyeubuni alielewa kwamba mtu wa miaka 85 hasafiri peke yake. Sharti lake lilikuwa moja lililotuhusu sisi: uwe mkazi wa Uingereza au wa jirani yake Ireland. Aliyepigana chini ya bendera ileile, kwa amri zilezile, kisha akarudi kuishi Songea, Machakos au Gulu, hakuwa kwenye hesabu.

Miaka kumi baada ya kisa cha Jordan, Juni 2024, nchi tajiri zilifanya maadhimisho ya miaka 80 zikijua fika kwamba ndiyo ya mwisho yenye wazee wengi. Shirika la ndege la Delta liliwapeleka wakongwe wa Marekani moja kwa moja kutoka Atlanta hadi uwanja mdogo wa Deauville, karibu na fukwe zenyewe. Waingereza walikusanyika Ver-sur-Mer, kwenye mnara wao uliozinduliwa 2021 wenye majina 22,442. Ndege, madaktari wa safarini, viti vya magurudumu, watoto wa shule wenye bendera. Sina ubaya na hayo yote. Ningependa tu tuyatazame kama bajeti.

Sasa twende Burma.

Jeshi la King's African Rifles, KAR, lile ambalo wazee wetu walilitamka Keya, liliundwa 1902. Vita vilipoanza 1939 lilikuwa na watu elfu chache tu. Hadi vinamalizika, Kenya pekee ilikuwa imetoa karibu watu 98,000 kwa vikosi vya Afrika Mashariki, Tanganyika karibu 87,000, Uganda karibu 77,000, na Nyasaland, leo Malawi, nayo makumi ya maelfu. Walianza na Waitaliano Somalia na Ethiopia, wakaenda Madagaska, kisha wakapelekwa Ceylon, leo Sri Lanka, kujifunza vita vya msituni. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyobeba kichwa cha kifaru kama nembo, iliingia Burma katikati ya 1944 chini ya Jenerali William Slim wa Jeshi la 14.

Wengine hawakufika hata huko. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa ikielekea Colombo, imebeba watu zaidi ya 1,500. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido. Ilizama kwa dakika chache mno. Walikufa watu 1,297, wengi wao askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Kwa idadi ya waliokufa ni miongoni mwa maafa makubwa kabisa ya baharini ya upande wa washirika katika vita vile, na bandari iliyowaaga ni ya kwetu. Muulize kijana yeyote wa Mombasa leo kuhusu Titanic, kisha muulize kuhusu Khedive Ismail.

Waliofika walipewa kazi ambayo makamanda waliona ngumu kuikamilisha: kuwafukuza Wajapani kupitia bonde la Kabaw wakati wa masika ya kule, mvua inaponyesha usiku na mchana kwa miezi. Bonde lile lilisifika kwa malaria na homa ya typhus ya vichakani kuliko kwa risasi. Waingereza waliliita Bonde la Mauti. Barabara ilikuwa tope linalomeza magari. Toka Agosti 1944 watu wa Keya walishuka kutoka Tamu, mguu kwa mguu, wakibeba majeruhi mabegani, wakidondoshewa chakula na ndege, hadi Kalemyo mwezi Novemba na Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Hapo, kwenye mto Chindwin, wahandisi waliunga daraja la vyuma la Bailey lenye futi 1,154, lililohesabiwa kuwa refu kuliko yote ya aina yake wakati huo, na Jeshi la 14 likavuka kwenda kuikomboa Burma ya kati. Njia ya kufikia daraja lile ilisafishwa na watu waliozungumza Kiswahili, Kinyanja, Kikamba, Kiacholi na Kihehe.

Hao ndio walioondoka bila kuangalia nyuma. Waliopoteza vita, kinyume chake, walirudi. Baada ya vita Wajapani walipeleka misafara Burma kutafuta mifupa ya wenzao, kuichoma kwa ibada na kurudisha majivu nyumbani. Wakongwe wao walijenga pagoda na minara. Upande wa India, huko Manipur, kuna kumbukumbu ya Kijapani iliyojengwa chini ya kilima walichofia wenzao, na 2019 ikafunguliwa hapohapo jumba la makumbusho la amani la Imphal kwa msaada wa taasisi ya Kijapani. Aliyeshindwa akawa na pa kufikia, na mwenyeji wa kumkaribisha. Mshindi kutoka Tabora hana hata bango.

Haifai kusema hana kitu kabisa, maana kuna ukuta mmoja. Kaskazini mwa Yangon, kwenye makaburi ya vita ya Taukkyan, upo mnara wenye majina karibu 27,000 ya askari wa dola ya Kiingereza waliokufa Burma bila kaburi linalojulikana, na Waafrika wamo. Ndugu aliyeko Iringa anaweza kulitafuta jina la babu yake kwenye daftari la tume ya makaburi ya vita, lililoko wazi kwenye intaneti bila malipo, akalikuta limeandikwa kama karani wa Keya alivyolisikia. Akishalikuta, amekuta pia kwamba jina liko Asia, naye yuko Iringa.

Je, wazee wale walitaka kurudi? Swali hili huulizwa kwa nia nzuri na mara nyingine kwa nia ya kufunga mjadala. Wako waliochukia kila dakika ya kule na wasingerudi hata kwa dhahabu. Wako waliosimulia Burma kila Krismasi na kila Idi hadi wajukuu wakaijua Kalewa kuliko wilaya ya jirani. Jambo hilo halitusaidii sana, kwa kuwa Waingereza nao walikuwa hivyohivyo: wapo waliokataa kukanyaga tena Normandy. Tofauti ni kwamba wao waliulizwa.

Kwa nini wetu hawakuulizwa? Ukiifuata karatasi utaona. Askari wa Keya alipoachiwa 1945 na 1946 alipewa malipo ya kuagwa yaliyopangwa kwa rangi ya ngozi. Uchunguzi wa waandishi wa habari uliochapishwa 2019, uliotokana na nyaraka za serikali ya kikoloni, ulionyesha Mwafrika akilipwa hadi theluthi tu ya alicholipwa Mzungu mwenye cheo kilekile. Pensheni ya utumishi wa vita haikuwepo kwa walio wengi. Huko Kenya alirudi kuvaa kipande, kile kitambulisho cha lazima cha Mwafrika, shingoni kama kawaida. Jeshi lililomjua kwa namba halikuwa na sababu ya kujua anwani yake, na mtu asiye na anwani hapelekewi mwaliko wa maadhimisho.

Halafu ukaja uhuru, na hapa lawama inatuhusu wenyewe. Mataifa mapya yalihitaji mashujaa waliopigana na mkoloni, sio waliopigana kwa ajili yake. Aliyeonekana na medali ya mfalme alionekana kibaraka. Novemba 2023 Mfalme Charles alipozuru Nairobi, alikwenda kwenye makaburi ya vita ya Kariokor na kuwakabidhi wakongwe wachache medali mpya badala ya walizozipoteza. Mmoja wao alitajwa kuwa na miaka 117. Ilielezwa kwamba wakati wa vita vya Mau Mau kuonekana na medali za Mwingereza kulikuwa hatari, wakaachana nazo. Kwa hiyo mzee alisubiri karibu miaka 80, na maadhimisho yakamfuata yeye kwa gari la wageni wa serikali. Ni kichekesho kinachouma kidogo: safari ya kwenda kumbukumbu ilifanywa na mfalme.

Hata walioheshimiwa waliheshimiwa kwa jambo jingine. Waruhiu Itote alikuwa askari wa KAR huko Burma. Kenya inamkumbuka kama Jenerali China wa Mau Mau. Ndugu Abdulwahid na Ally Sykes wa Dar es Salaam walikuwa na batalioni ya sita ya KAR Burma, na wote wawili ni miongoni mwa waasisi 17 wa TANU ya Julai 7, 1954. Mwanahistoria Mohamed Said amesimulia kwamba wazo la chama cha siasa lilizungumzwa na askari wa Tanganyika wakiwa kambini Kalieni, karibu na Bombay, mkesha wa Krismasi 1945, wakingoja meli ya kuwarudisha. Ukikubali masimulizi hayo, sehemu ya historia ya uhuru wetu ilianzia kwenye foleni ya wanajeshi wanaotaka kwenda kwao, na vitabu vya shule vinaanza nayo huku nyumbani. (Naongeza kwa wale wanaopenda kumtaja Idi Amin kama mkongwe wa Burma: alijiunga na KAR 1946, vita vimekwisha.)

Burma yenyewe nayo ilifunga mlango. Tangu mapinduzi ya Ne Win ya 1962 wageni walipata viza ya siku moja, baadaye ya wiki moja, na maeneo ya mpakani yalikuwa marufuku. Milango ilifunguka kidogo miaka ya 2010, na Februari 2021 jeshi likatwaa madaraka tena. Leo jimbo la Sagaing, lenye Kalewa na bonde la Kabaw, ni mojawapo ya maeneo yanayopigwa vita vikali zaidi nchini Myanmar, na Machi 2025 likapigwa na tetemeko kubwa la ardhi. Hata mjukuu mwenye fedha asijaribu.

Kuna mkongwe mmoja aliyerudi, tena aliyerudi kwetu, na safari yake inafundisha kuliko zote. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza hadi alipoweka silaha chini Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, Novemba 25, 1918, alikuja Tanganyika 1953 akiwa na miaka 83. Waingereza waliokuwa wakitawala, maadui zake wa zamani, walimpokea kwa heshima. Dar es Salaam alilakiwa na askari wake wazee waliojitokeza wenyewe, wakamwimbia nyimbo za kambini. Picha za tukio lile zinasisimua, nakiri. Lakini tazama nani amepanda meli na nani amesimama chini akingoja. Vita vile viliua wapagazi kwa makumi ya maelfu, vikala mazao na ng'ombe wa nchi nzima hadi njaa ikafuata, na kamanda mkuu akarudi kama mgeni wa hisani.

Alipofariki Machi 1964, serikali ya Ujerumani Magharibi iliwasafirisha askari wake wawili wa zamani kwa ndege, kama wageni wa taifa, wakahudhurie mazishi. Hotuba ya kumuaga ilitolewa na waziri wa ulinzi Kai-Uwe von Hassel, mzaliwa wa Gare, milima ya Usambara. Hiyo ndiyo safari ya kumbukumbu ninayoijua ambayo mkongwe wa kwetu alilipiwa nauli kwenda Ulaya, na alilipiwa akamzike bwana mkubwa.

Mwaka huohuo bunge la Bonn liliidhinisha kuwalipa askari waliobaki mshahara waliokuwa wanadai tangu 1918. Inasimuliwa kwamba ofisi ya malipo ilipofunguliwa Mwanza, walikuja wazee karibu 350, na wachache tu ndio waliokuwa na cheti. Wengine walileta vipande vya sare. Ofisa akapata wazo: kila mzee akapewa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani kufanya mazoezi ya bunduki. Hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Watu huisimulia habari hii kwa tabasamu, kama ushahidi wa nidhamu na kumbukumbu isiyofutika. Mimi nikiisikia nauliza kitu kimoja: Wajerumani, watu wa madaftari, waliandika hadi idadi ya vitufe vya sare, orodha ya majina ya askari ilikwenda wapi hata mzee wa miaka 70 na zaidi apigishwe gwaride na ufagio ili alipwe haki yake?

Orodha ndiyo mzizi wa jambo lote hili. Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti juu ya upendeleo katika kuwakumbuka waliokufa Vita Kuu ya Kwanza. Ilikadiria kwamba kati ya watu 45,000 na 54,000, wengi wao Waasia na Waafrika, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na wengine wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, hawakutajwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Afrika Mashariki na Misri ndiko walikotoka wengi wao. Waziri wa ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Ofisi za wakati ule ziliamua kwa makusudi kwamba mwenyeji atosheke na sanamu ya jumla.

Sanamu hizo tunazipita kila siku. Ya Dar es Salaam, pale kwenye mzunguko wa Samora, imesimama tangu 1927, mahali ilipokuwa sanamu ya gavana wa Kijerumani, von Wissmann. Za Nairobi na Mombasa ni ndugu zake. Maneno yaliyotungwa na Rudyard Kipling yaliandikwa chini, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yakimwahidi askari kwamba hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Zunguka sanamu ile mara saba, hutakuta jina hata moja.

Uingereza imejitahidi kwa kuchelewa. Mwaka 2018 ilitangaza karibu paundi milioni 12 kwa ajili ya wakongwe maskini wa nchi za Jumuiya ya Madola na wajane wao, ili wapate angalau milo miwili kwa siku. Soma tena kipimo hicho. Wakati Heroes Return ilishamaliza kazi ya kumrejesha mkongwe wa Kent kwenye ufukwe wake, mkongwe wa Kitui ndiyo kwanza anahesabiwa milo. Ufaransa nayo iligandisha pensheni za askari wa makoloni yake 1959, na hadi 2023 wazee wa Kisenegali walilazimika kuishi Ufaransa nusu ya mwaka ili wasipoteze ruzuku ya uzee. Walipoondolewa sharti hilo, tisa wakapanda ndege Aprili mwaka huo, wakiwa na miaka 80 na 90 na ushee. Kwao safari kubwa ya uzeeni ilikuwa ya kwenda nyumbani.

Najua hoja ya upande wa pili, na sio ya kubeza. Vile havikuwa vita vyetu. Babu alichukuliwa, wengine kwa hiari ya njaa, wengine kwa nguvu za chifu, akapigania dola iliyomnyima kura. Kwa nini tulilie kiti kwenye sherehe za wakoloni? Jibu langu ni kwamba silii kiti. Nadai daftari. Watu wa Burma wamekwisha karibu wote, na kupigania tiketi zao sasa ni kupiga makelele kaburini. Kinachowezekana kudaiwa London, na kwenye makabati ya nyaraka Nairobi, Dar es Salaam na Entebbe, ni majina: yasahihishwe, yapangwe kwa wilaya na vijiji, yabandikwe mahali ambapo watu wa kijiji watayasoma bila kompyuta. Wahusika wa tume ile wameshaanza kazi kama hiyo kwingine. Januari 2025 Cape Town ilizinduliwa kumbukumbu ya vibarua weusi 1,772 wa Afrika Kusini waliokufa Vita Kuu ya Kwanza bila kutajwa popote, kila mmoja na nguzo yake.

Lakini kwa nini tuishie kwa Waingereza? Tunao wakongwe wa kwetu, wa vita vilivyokuwa vyetu bila ubishi, na uwanja wao wa vita uko nchi ya jirani.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, wakaua na kupora, na daraja la Kyaka likavunjwa. Novemba 2 Mwalimu Nyerere alisema maneno ambayo kila Mtanzania wa rika fulani anaweza kuyamalizia. Jeshi lililokuwa na watu wasiofika 40,000 likapanda kupita 100,000 ndani ya muda mfupi, kwa kuingiza mgambo, polisi, magereza na JKT. Mkulima wa Dodoma alifundishwa, akapandishwa lori, akavuka mpaka. Machi 10 na 11, 1979, kwenye matope ya Lukaya, vilipiganwa vita vikubwa kuliko vyote vya safari ile, dhidi ya Waganda waliosaidiwa na Walibya. Aprili 11 Kampala ikaanguka. Vita vilipokwisha, mgambo alirudi shambani.

Kila mwaka tunawakumbuka mashujaa Julai 25, ndani ya nchi. Kaboya, wilayani Muleba, wamelala zaidi ya 600. Viongozi huweka mkuki, ngao, shada, hotuba husomwa, na watu hutawanyika. Ng'ambo ya Mutukula, Uganda ina sikukuu yake ya ukombozi, nayo ni Januari 26, siku wanamgambo wa Museveni walipoichukua Kampala 1986. Aprili 11 imebaki tarehe ya watu wazima. Hivyo ndivyo kumbukumbu zinavyokwenda: aliyeko Ikulu huchagua siku. Hatuwezi kuwalaumu Waganda kwa hilo wakati sisi wenyewe hatujawahi kuifanya safari ya mkongwe kurudi Lukaya kuwa desturi, wenyeji wakijua kwamba anakuja.

Wala isifikiriwe kwamba itakuwa safari ya vigelegele tu. Njia ya Lukaya inapita Masaka, na Masaka ndiko majengo yalikolipuliwa kulipiza ya Kagera. Wapo wazee wa pale wanaokumbuka askari wetu kama wakombozi, na wapo wanaokumbuka duka lililoporwa. Mkongwe akikaa kwenye benchi moja na mtu huyo, mbele ya wanafunzi wa Masaka, litasemwa jambo ambalo halijawahi kusemwa kwenye gwaride la Julai. Normandy imefika huko. Wajerumani hualikwa siku hizi, nao huja.

Gharama yake haitishi. Hakuna bahari ya kuvuka. Kutoka Bukoba hadi Lukaya ni mwendo wa saa chache kwa basi, na Mtanzania anavuka Mutukula kwa hati ya dharura ya kusafiria kama hana pasipoti. Kinachokosekana ni mtu mwenye kazi hiyo: ofisi moja, iwe wizara ya ulinzi au jumuiya ya wanajeshi wastaafu, yenye orodha ya waliovuka, mgambo wakiwemo, kijiji kwa kijiji. Mwanajeshi wa kudumu anapatikana kwenye mafaili ya pensheni. Mgambo wa 1978 atapatikana kwa kuuliza, na wa kuuliza ni watendaji wa vijiji, ambao tayari huulizwa kila kitu kuanzia choo hadi chanjo.

Aprili 11, 2029 itatimia miaka 50. Aliyeingia Kampala akiwa na miaka 20 atakuwa na 70, bado anatembea kwa miguu yake. Ruzuku ya nauli, malazi ya siku tatu, muuguzi mmoja kwa kila basi na barua kwa serikali ya Kampala vinaweza kuingia kwenye bajeti ya mwaka wa fedha 2028/29, na makadirio ya bajeti hiyo yatasomwa Dodoma kabla ya Julai 2028.